Nyumba na Nchi: Uhafidhina wa Ndoa katika Utendi wa Mwana Kupona na Warithi Wake

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo chache za kale ambazo jina lake linajulikana hata na wasiowahi kuusoma. Wazazi huutaja wanapomwoza binti, wahubiri huutaja wanapolalamikia mienendo ya vijana, nao wahakiki huutaja kila wanapotaka mfano wa fasihi iliyomfunga mwanamke jikoni. Makundi haya yanapingana katika hukumu lakini yanakubaliana katika usomaji: yote yanauchukua utendi kuwa orodha ya amri za mke kwa mume. Kundi la kwanza linafurahia orodha hiyo. La pili linaikemea. Ni nadra kupata mhakiki anayeuliza iwapo utendi wenyewe ni orodha.

Makala haya yanachunguza uhafidhina wa ndoa na familia katika utendi huo, na uhusiano wake na suala ambalo halizungumzwi sana, yaani uzalendo. Inadaiwa mara nyingi kwamba anayetetea utaratibu wa kale nyumbani hutetea pia utiifu kwa mtawala, kwa sababu nyumba ni nchi ndogo na nchi ni nyumba kubwa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba dai hilo haliwezi kusimama mbele ya Mwana Kupona. Nyumba aliyoitungia mawaidha ilikuwa nyumba ya waasi. Uhafidhina wake ulikuwa ngome dhidi ya dola, si ngazi ya kuifikia. Baada ya kulionyesha hilo, makala yatafuatilia jinsi mkondo huo ulivyobadilika mikononi mwa Shaaban Robert, ulivyotumiwa katika siasa za Kenya baada ya uhuru, na ulivyopata sura mpya katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Natala.

Siyu na Mjane Wake

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Siyu haikuwa kijiji cha kando. Ulikuwa mji wa mafundi na wanazuoni, uliosifika kwa kazi za mikono na kwa kunakili misahafu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ulikuwa mmoja wa miji ya mwisho ya pwani ya kaskazini kukataa mamlaka ya Sayyid Said wa Zanzibar. Mombasa ya Wamazrui ilikwisha kuanguka mwaka 1837. Katika miaka ya 1840 Sayyid alipeleka majeshi dhidi ya Siyu, nayo yakashindwa. Amir Hamad, jemadari wake mashuhuri, aliuawa katika vita hivyo. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said. Utendi ulitungwa miaka miwili hivi baadaye, mnamo 1858. Mwaka 1863 Siyu iliangukia mikononi mwa Sayyid Majid.

Tarehe hizi zina uzito katika uhakiki. Utendi umetungwa katika kipindi kifupi kilicho kati ya kifo cha kiongozi na kuanguka kwa mji. Mtunzi ni mjane. Ni mgonjwa pia, kwani anamwambia binti yake, Mwana Hashima, kwamba amelala kitandani mwaka mzima bila kupata nafasi ya kusema naye vizuri. Anamwita asogee, achukue karatasi na wino, aandike. Mandhari ya kisanaa ya utendi, kwa hiyo, ni chumba cha mgonjwa. Mama hajui kama atapona; binti hajui kama atabaki na mama; mji haujui kama utabaki huru. Msomaji anayeanzia kwenye beti za mume huwa amekwisha kuupita mlango huu bila kuuona.

Sehemu ya lawama iko kwa wahariri. Toleo lililoutangaza utendi kwa wasomaji wa nje, lile la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934, lilichapishwa chini ya anwani ya Kiingereza inayoueleza kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo ni tafsiri ya wahariri kabla ya kuwa tafsiri ya maneno. Inachukua sehemu moja ya utungo na kuifanya iwe utungo wote. Takriban theluthi ya mwisho ya utendi ni dua: mtunzi anawaombea watoto wake, ndugu zake, jamaa na Waislamu wote, anajiombea afya na mwisho mwema. Kama mhariri angeipa kazi hii jina kutokana na sehemu hiyo, ingejulikana leo kama wasia wa mjane au dua ya mama, na huenda mjadala wa karne nzima ungekwenda njia nyingine.

Radhi Tano na Mipaka Yake

Kiini cha fikra za utendi ni dhana ya radhi. Mtunzi anamfundisha bintiye kwamba kiumbe anahitaji radhi tano ili apate utulivu duniani na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Radhi ya mume inapewa nguvu ya kutisha. Siku ya kiyama mume ataulizwa anamtakia mkewe nini, na jibu lake ndilo litakaloamua njia ya mke. Hakuna haja ya kulainisha fundisho hili. Linaweka hatima ya roho ya mtu mmoja mdomoni mwa mtu mwingine kwa sababu ya ndoa tu. Mhakiki anayelipita kimya kwa kuwa utungo ni wa kale, au kwa kuwa unaheshimiwa, hautendei haki utungo wala msomaji wake wa kike.

Lakini orodha ya radhi tano inasema jambo jingine kwa yale isiyoyataja. Hakuna radhi ya sultani humo. Hakuna mfalme, liwali wala jumbe. Mtunzi ambaye mumewe alitawala mji, na ambaye mji huo ulikuwa unatakiwa kila siku ukiri mamlaka ya Zanzibar, anamhesabia binti yake wote ambao anawajibika kuwaridhisha, naye anaishia kwenye kizingiti cha mlango. Yumkini kutokutaja huku hakukukusudiwa kuwa tamko la kisiasa. Mafundisho ya dini yanayofuatwa na mtunzi yana mpangilio wake. Hata hivyo, athari yake ndani ya utungo ni wazi. Utiifu umewekewa mipaka, na mipaka yake ni ukuta wa nyumba. Dola, iwe ya Busaidi au ya yeyote, haina sehemu katika malezi ya Mwana Hashima.

Hapa ndipo tofauti kati ya uhafidhina wa nyumbani na utiifu wa kisiasa inapojitokeza. Nyumba ya Mwana Kupona ni kali ndani yake kwa sababu imezingirwa. Usafi wa vyumba hadi chooni, manukato, wanja, hina na vikuku, mume anayelala na kupepewa, kutokutoka bila ruhusa, kutokaa njiani: haya yote yanachora mahali ambapo hakuna kilichoachwa kwa bahati. Ni picha ya mji mdogo ulio tayari wakati wote. Mume anayerudi katika nyumba hiyo si mtu yeyote. Kwa Mwana Kupona alikuwa mtu aliyerudi kutoka kwenye mapigano. Anaposimulia maisha yake mwenyewe, mtunzi anasema kwamba aliishi na Bwana Mataka bila siku ya ugomvi, na kwamba alipokufa alimwachia radhi. Simulizi hiyo ndiyo ushahidi wake mkuu. Anamwambia binti: niliyokutajia nimeyaishi, na matokeo yake ni haya.

Kuna ubeti mwingine ambao wahakiki hawajakubaliana juu yake. Mtunzi anamshauri bintiye amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, ni mmoja wa waliopendekeza kwamba utendi usomwe kwa kuangalia kejeli iliyofichwa ndani yake; kwamba mwanamke anayemgeuza mume kuwa kitoto amekwisha kumvua ubwana. Usomaji huo una manufaa yake. Umewalazimisha wasomaji watambue kuwa sauti ya utungo ina tabaka, na kwamba mwanamke msomi wa Siyu hakuwa kasuku wa mashehe. Ugumu wake ni kwamba kejeli hailingani na kitanda cha mgonjwa wala na dua inayofuata. Mama anayeomba Mungu amnusuru hachezi shere na radhi ambayo anaamini ndiyo iliyomwokoa. Usomaji ulio karibu zaidi na utungo ni kwamba tashbihi ya mtoto inahamisha uwezo bila kuikana ibada. Anayemtunza asiyejua kusema ndiye anayejua mahitaji yake kabla hayajatajwa. Yeye ndiye mwenye akili ya nyumba. Mwana Kupona anaamini kwamba mke ni mtiifu, na anaamini pia kwamba bila mke nyumba haina kichwa. Haoni mgongano baina ya imani hizo mbili. Mgongano ni wa wasomaji wa baadaye.

Upande mmoja wa nyumba hiyo, hata hivyo, hauwezi kuokolewa na historia ya ushujaa. Utendi unamwonya Mwana Hashima asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kwa ubeti huo msomaji anatambua nani wanaofagia vyumba vile na kuteka maji ya kuogea. Heshima ya mwungwana na stara yake zimejengwa juu ya migongo ya wanawake wengine ambao hakuna aliyewatungia wasia, na ambao ndoa zao hazikuwa na mkufu wa lulu na marijani. Uhuru wa Siyu ambao Bwana Mataka aliupigania haukuwa uhuru wa watu hao. Mhakiki anayetaka kumfanya Mwana Kupona mama wa uzalendo wa pwani hana budi kulikumbuka hilo, na anayetaka kumfanya mwakilishi wa wanawake wote wa Uswahilini analikabili tatizo lile lile kwa upande wa pili.

Baba Anapousia: Shaaban Robert

Karibu miaka 90 baadaye, mtunzi mwingine aliyefiwa alikaa kumtungia binti yake wasia. Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto. Kwa binti yake Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Tungo zote mbili zimo katika tawasifu yake, Maisha Yangu. Ulinganifu na Mwana Kupona uko wazi: kifo kimeingia nyumbani, mzazi aliyebaki anaogopa kuondoka kabla ya kusema, na utenzi unakuwa urithi usioweza kugawanywa na kadhi. Mwana Kupona aliyaita mawaidha yake hirizi ya kuvaliwa shingoni. Shaaban Robert anayaita hati. Mabadiliko ya istiari hiyo yanastahili kuzingatiwa. Hirizi hulinda dhidi ya shari isiyoonekana. Hati ni karatasi ya ofisini, ushahidi unaoonyeshwa kwa mtu mwenye mamlaka ya kuisoma. Kati ya Siyu ya 1858 na Tanganyika ya miaka ya 1940, dola imekwisha kuingia katika msamiati wa nyumba.

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Uzalendo wake ulikua ndani ya ofisi hizo na dhidi yake kwa wakati mmoja. Katika Utenzi wa Vita vya Uhuru alisimama upande wa Uingereza na washirika wake dhidi ya Ujerumani na Italia, akiihesabu vita hiyo kuwa ya uhuru wa binadamu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa raia asiye huru wa milki hiyo hiyo. Katika Kusadikika alimweka Karama mbele ya mfalme na mawaziri, akashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, akajitetea kwa visa vya wajumbe waliofungwa kwa kuileta nchi yao habari njema. Karama haiangushi serikali. Anaiaibisha mpaka iwe na haki. Hii ndiyo sura ya uzalendo wa kihafidhina wa Shaaban Robert: utaratibu ni mwema ila umeharibiwa na watu, dawa yake ni kuurudisha kwenye adili yake.

Mtazamo wake wa ndoa ni wa aina hiyo hiyo. Mke mwema, mume mwema, mzazi mwema na raia mwema ni watu wa namna moja kwake, wakiwa na utu mmoja unaojidhihirisha katika vyeo mbalimbali. Utubora, katika Utubora Mkulima, anaacha kazi ya mshahara mkubwa mjini na kwenda kulima Busutamu, na katika kitendo hicho kimoja msomaji anaona maadili ya kazi, ya ujirani, ya ndoa na ya nchi yakikutana. Udhaifu wa mtazamo huu umetajwa na wahakiki wengi: wahusika ni majina ya sifa kabla ya kuwa watu, na dhuluma inakuwa tabia mbaya badala ya mfumo. Ni kweli. Lakini nguvu yake haitajwi vya kutosha. Kwa kuwa adili ni moja, Shaaban Robert hawezi kumdai mwanamke adabu ambayo hamdai mwanamume. Utenzi wa Hati una ndugu yake, Utenzi wa Adili. Kijana wa kiume naye anausiwa. Mwana Kupona alikuwa na mtoto wa kiume pia na alimtaja katika dua, lakini wasia wa mwenendo aliutunga kwa binti.

Kuna jambo jingine linaloufanya uhafidhina wa Shaaban Robert usiwe mwepesi kama unavyodhaniwa. Mtunzi huyu aliyemwusia bintiye adabu ya nyumbani ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti Binti Saad, maisha ya mwanamke aliyetoka Fumba akaenda mjini Unguja, akajitegemea kwa sauti yake, akaimba mbele ya wanaume na wanawake na kurekodiwa katika sahani za santuri. Kwa kanuni za Mwana Kupona, Siti alikaa njiani maisha yake yote. Shaaban Robert anamsifu kwa sababu kazi yake ilikuwa na heshima na manufaa kwa watu. Hapa adili imeushinda ukuta. Nyumba haikuvunjwa, lakini mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ni mhafidhina.

Taifa Lilipogeuzwa Nyumba

Baada ya uhuru, lugha ya nyumba ilihamia rasmi katika siasa. Rais wa kwanza wa Kenya aliitwa Baba wa Taifa. Kuanzia mwaka 1978 wananchi walihimizwa kufuata nyayo, na falsafa ya Nyayo ikafafanuliwa kwa maneno matatu, amani, upendo na umoja, ambayo yote yangefaa katika mawaidha ya harusi. Istiari hizi si mbaya kwa asili yake. Kila taifa jipya linatafuta lugha ya undugu. Tatizo huja pale ambapo utiifu wa nyumbani unaombwa kwa ajili ya ofisi ambazo hazina upendo wa nyumbani, na pale ambapo anayeuliza swali huhesabiwa kuwa mtoto mkaidi. Radhi ya sita inaongezwa kwenye orodha ya Mwana Kupona bila idhini yake.

Upande wa pili wa badiliko hilo ulionekana bungeni. Muswada wa Sheria ya Ndoa, uliokusudia kuziunganisha sheria mbalimbali za ndoa za Kenya na kuongeza haki za wake, ulikataliwa mwaka 1976 na ukakataliwa tena mwaka 1979. Miongoni mwa hoja zilizotolewa dhidi yake ni kwamba haukuwa wa Kiafrika. Hoja hiyo inafaa kuchunguzwa na mhakiki wa fasihi, kwa kuwa ni hoja ya kifasihi kuliko ya kisheria: inadai kujua hadithi ya asili ya familia ya Kiafrika na kuwataka wasikilizaji waiamini. Uzalendo unatumiwa hapa kuufunga mlango wa nyumba kwa nje. Mume anayempiga mke anakuwa mlinzi wa utamaduni, na mke anayekwenda mahakamani anakuwa msaliti wa taifa. Kwa Mwana Kupona, utaratibu wa ndoa uliilinda nyumba dhidi ya dola yenye nguvu; katika hoja hii, dola yenye nguvu inaulinda utaratibu wa ndoa dhidi ya mmoja wa watu wa nyumba. Maneno ni yale yale, lakini mzinga umegeuzwa kuelekea ndani.

Haishangazi kwamba kizazi cha watunzi wa miaka ya 1980 kiliukabili uhafidhina huo ana kwa ana. Ari Katini Mwachofi, katika Mama Ee ya mwaka 1987, aliionyesha ndoa kuwa uwanja wa dhuluma ambamo mwanamke hana budi kuvunja ukimya ili apone. Tamthilia hiyo ilihitajika na bado inahitajika. Lakini upinzani wa aina hiyo, kwa haki zake zote, uliwaachia wapinzani wake mali moja kubwa: uliwaachia neno nyumba. Ilionekana kana kwamba anayependa nyumba yuko upande mmoja na anayependa haki yuko upande mwingine.

Natala: Mjane Anarudi

Kithaka wa Mberia, katika Natala ya mwaka 1997, aliunyang'anya uhafidhina wa kisiasa mali hiyo. Mhusika mkuu ni mwanamke anayeaminiwa kuwa mjane. Mumewe, Tango, anadhaniwa amekufa, na shemeji yake, Wakene, anataka kumrithi pamoja na shamba. Natala anakataa. Anakataa kurithiwa, anakataa kuitoa hati ya shamba, na anakabiliana na wanaume wenye vyeo wanaoitumia mila kama kisingizio. Mwishowe Tango anarudi akiwa hai.

Kinachovutia ni msingi wa ukaidi wake. Natala haikani ndoa. Anaitetea. Anapigania nyumba yake, watoto wake, kazi ya mikono yake na kumbukumbu ya mume wake. Wakene ndiye anayesema kwa lugha ya mila, lakini matendo yake yanaonyesha kwamba mila kwake ni njia ya kulifikia shamba. Hivyo basi, tamthilia inapindua mgawanyo uliozoeleka: mwanamke muasi ndiye mwaminifu kwa ndoa, na mwanamume mtetezi wa mila ndiye mharibifu wa nyumba. Kurudi kwa Tango kumelalamikiwa kuwa ni bahati iliyopangwa na mtunzi ili kumaliza mgogoro. Lalamiko hilo lina ukweli; mgogoro wa mjane halisi haumalizwi na maiti kufufuka. Hata hivyo, kurudi huko kunathibitisha jambo la msingi. Kama Natala angetii, Tango angekuta nyumba yake imekwisha kugawanywa. Ukaidi wa mke ndio uliomhifadhia mume mahali pa kurudi.

Mjane huyu ana ukoo na mjane wa Siyu, ingawa mtunzi wake hakulazimika kumfikiria. Wote wawili wamesimama katika nyumba iliyopoteza bwana, wamezungukwa na nguvu inayoitamani nyumba hiyo, na wote wana karatasi mkononi. Mmoja anaiandika, mwingine anakataa kuitoa. Hirizi ya Mwana Kupona, hati ya Shaaban Robert na hati ya shamba ya Natala zinafanya msururu wa istiari unaosimulia safari ya mwanamke kutoka kwenye ulinzi wa dua, kupita kwenye ulinzi wa adabu, hadi kwenye ulinzi wa haki. Hatua ya baadaye haiifuti iliyotangulia. Natala bila upendo wa nyumba angekuwa mdai wa mali tu. Mwana Kupona bila hati ya Natala anaacha roho ya bintiye mikononi mwa mume ambaye si lazima awe Bwana Mataka.

Hitimisho

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kasoro kuu ya utendi, na inafaa isemwe wazi darasani. Mwana Kupona alijumlisha kutokana na ndoa moja njema. Aliamini kwamba mwenendo wake ndio ulioleta radhi, na hakuacha nafasi katika utungo kwa ajili ya mume asiyestahiki utiifu. Mume wa wasia wake hana jina wala tabia. Ni kiti kitupu kinachongojea mtu wa kukikalia, na si kila atakayekikalia atakuwa mtu wa kupepewa. Hilo si kosa la kisanaa peke yake. Binti halisi, katika ndoa halisi, anaweza kuumia kwa kuliamini.

Hata hivyo, mwalimu anayeishia hapo anakuwa ameufundisha utendi kwa nusu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 45, inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba familia ni msingi wa asili wa jamii, na kwamba mume na mke wana haki sawa wanapoingia katika ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Nusu ya kwanza ya ibara hiyo Mwana Kupona angeikubali bila kusita. Nusu ya pili haikuwa katika upeo wake. Mjadala wa ndoa nchini, hata baada ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, mara nyingi huendeshwa kana kwamba mtu hana budi kuchagua nusu moja na kuitupa nyingine. Fasihi ya Kiswahili, ikisomwa kwa ukamilifu wake, haimlazimishi mtu uchaguzi huo. Shaaban Robert alikwisha kudai adabu moja kwa mwana na binti, na Natala alikwisha kuipenda nyumba kwa kukataa.

Kuhusu uzalendo, funzo la Siyu ni gumu zaidi kwa wanaopenda kulitaja taifa kama familia. Utendi mashuhuri kuliko yote juu ya utiifu wa ndoa ulitungwa na mwanamke ambaye mume wake aliuasi utawala mkuu wa zama zake, katika mji uliokuwa na miaka mitano tu ya uhuru iliyosalia. Hakuiombea dola. Aliwaombea watu wake. Yeyote anayemwita shahidi wa kuthibitisha kwamba mke mtiifu na raia mtiifu ni kitu kimoja amwite kwa majina yake yote: Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu.